Beji ya Sindano

Harufu ya bafta mpya hunitoa mahali nilipo. Wengine wakiisikia hukumbuka sanda na msiba, na siwalaumu, maana kitambaa ni hicho hicho. Lakini mimi nikipita mbele ya duka la nguo, mwenye duka akafungua jora, ile harufu ya wanga ikanipiga puani, narudi mbio hadi uani kwetu Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, enzi za Mwingereza kabla ya vita ya pili. Narudi kuwa kile kimsichana chenye miguu myembamba, ambacho hakuna mkeka uliowahi kukikalisha hata kwa muda wa kuchemsha chai.

Nawaambieni kweli, wenzangu, sikujua kutulia. Nikitumwa chumvi gengeni nilikwenda mbio na kurudi mbio, na njiani chumvi ilipungua. Chakula nilikila nimechuchumaa kama mtu anayengoja kuitwa. Siku ya kusukwa nywele mama alinibana kichwa katikati ya magoti yake, na hata hapo miguu yangu iliendelea na safari zake kule nyuma. Bibi, mama yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba ingawa baba alidhani ni yeye, alikuwa na neno moja juu yangu.

"Mtoto huyu ana siafu miguuni. Sijui kawatoa wapi. Kwetu hawapo."

Akisema hivyo alimtupia mama jicho la pembeni, na mama aliinamia ungo wake wa mchele, akaendelea kupepeta. Mama alikuwa mwanamke mtulivu kuliko wote niliopata kuwajua. Alitembea bila kusikika, aliongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Watu walisema sifanani naye hata kidogo, na mimi niliamini hivyo hivyo.

Pale shuleni kwetu kulikuwa na chama cha wasichana. Tulivaa gauni la buluu, tai ya manjano shingoni, na mtandio mweupe kichwani, maana wazee walikuwa wamekataa katakata ile kofia pana ya Kizungu. Aliyekuwa kiongozi ni mama mmoja wa Kiingereza, mrefu, mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Jina lake lilitushinda, na kwa kuwa firimbi haikutoka shingoni mwake, tulimwita Bibi Firimbi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: simama, geuka, nyamaza. Yaliyobaki alitufasiria Mwalimu Asia, dada mmoja kutoka Unguja, mpole, ambaye viatu vyake vililia kila alipopiga hatua, hivyo hakuweza kutukuta tukifanya utundu.

Kwa mtoto mwenye siafu, chama kile kilikuwa pepo. Tulijifunza kufunga mafundo ya kamba, kufunga vidonda, kuwasha moto kwa njiti moja ya kibiriti hata upepo ukivuma. Zaidi ya yote tulipiga gwaride. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, vumbi likipanda mpaka magotini, nami nikaona ajabu kwamba ulimwenguni kuna mahali ambapo mtu husifiwa kwa kutotulia. Aliyefaulu jambo alipewa beji ya kitambaa, ikashonwa mkononi mwa gauni. Nilikuwa na mbili, ya moto na ya vidonda. Ilibaki ya sindano. Mwenye beji hizo tatu alifungwa mshipi mweupe na kusimama mstari wa mbele katika gwaride la Mnazi Mmoja, mbele ya bendi ya keya, wale askari wa Mwingereza, akapewa mkono na mke wa Gavana mbele ya mji mzima.

Niliutaka mshipi ule mpaka niliuota. Na sikuwa na mwaka mwingine wa kuungoja. Bibi alinikogesha siku moja, akanipitisha mkono mgongoni na kifuani, akatoka kwenda kusema na baba. Nilisikia kutoka bafuni. Mfungo ukiisha, Zena awekwe ndani. Wenye umri wangu mnajua maana yake. Msichana aliyekaribia kuvunja ungo aliachishwa shule, akafungiwa ndani, na mtaa haukumwona tena mpaka siku ya kuolewa kwake. Baba alikubali, maana ndivyo ilivyokuwa kwa dada zake, na ndivyo ilivyokuwa kwa mama. Gwaride lilikuwa kabla ya Ramadhani. Nilikuwa na nafasi hiyo moja tu.

Tukaambiwa kila mmoja alete kazi ya sindano aliyoifanya nyumbani. Wenzangu karibu wote walichagua kitambaa cha mkononi, kupinda kingo nne na kutarizi ua pembeni. Nilipoleta habari hiyo uani, Bibi alitema tambuu.

"Kitambaa cha kufutia kamasi? Nyumba hii imeshona kofia za makadhi! Mshonee baba yako kofia ya Idi, huyo mzungu wako aone kazi."

Basi ikawa kofia. Mama alikata bafta, akaipanga mkunjo juu ya mkunjo, akachora maua kwa penseli kwa ule mkono wake mwepesi. Mnaojua kofia zetu za mkono mnajua kuwa kila ua lina vitundu, na kila kitundu hutobolewa kisha kikazungushiwa uzi, sindano ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, mpaka kitundu kinakuwa kama jicho la dagaa. Halafu kinachofuata. Halafu kinachofuata. Mwenyezi Mungu hakuniumbia kazi ile.

Nilikaa mkekani kila alasiri baada ya chuo cha Kurani. Nikishona vitundu viwili vitatu, ulimwengu uliniita. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe. Mara treni ililia Gerezani, mara sokoni watu walipiga kelele kwa sababu papa mkubwa ameletwa, na papa mkubwa haonwi na mtu aliyekaa. Niliweka kazi chini, nikatoka. Nikirudi niliishika pale nilipoikuta.

Sasa sikilizeni, maana jambo lote liko hapa. Uani kwetu kazi iliyowekwa mkekani haikulala. Ukiacha ungo wa mchele, mwingine aliuvuta akaendelea kuchagua mawe. Ukiacha ukili wa mkeka, aliyekaa karibu alisuka pima moja huku akisema habari za harusi ya jana. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeshukuru, na anayepita kazi ya mwenzake bila kuigusa alionekana mvivu au mwenye kinyongo. "Kidole kimoja hakivunji chawa," Bibi alipenda kusema. Basi kofia yangu ikakua. Nikitoka kumtazama papa, narudi ua limekamilika. Nilifurahi kama mtu anayefurahi mvua ikinyesha shambani mwake, bila kujiuliza nani kainyesha.

Siku ya kukaguliwa ilipofika niliibeba kofia ndani ya kanga safi, nimepakwa mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko. Tulisimama mstari darasani, kazi zetu mezani mbele yetu. Bibi Firimbi alipita na miwani yake, akainua kitambaa hiki, akakiweka, akainua kile. Alipofika kwangu alisema neno kwa Kizungu ambalo hata asiyejua Kizungu angejua ni sifa. Wasichana wakageuka. Moyo wangu ulikuwa tayari uko Mnazi Mmoja.

Kisha akaigeuza kofia ndani nje.

Aliitazama muda mrefu. Alimwita Mwalimu Asia, wakainama wote wawili. Mwalimu Asia aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa.

"Zena, hapa nani kashona?" Alikuwa amegusa ua la juu.

"Hapo ni Bibi, Mwalimu," nikajibu haraka, kwa majivuno. "Bibi hukaza uzi sana, ndiyo maana pamejikunja. Huku kote ni mama. Ukitaka kumjua mama, tazama, vitundu vyake vimelingana. Na hapa ni mimi."

Nilimwonyesha kwa kidole, nikiwa nimefurahi kwamba wameuliza. Nilidhani wanataka kuijua nyumba yetu. Mwalimu Asia alifumba macho kidogo, kisha akafasiri. Uso wa Bibi Firimbi ulizidi wekundu. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba alisema taratibu kama anayemwambia mtu habari ya kifo. Mwalimu Asia akanigeuzia maneno: beji hii ni ya mtu mmoja. Wanataka kujua mkono wako wewe unaweza nini. Kofia nzuri, lakini haihesabiki.

Nilitaka kuuliza ni lini kofia iliwahi kushonwa na mtu mmoja, lakini Mwalimu Asia alikuwa ameshaanza kunisemea. Akamwomba Bibi Firimbi nipewe juma moja, nilete kitambaa cha mkononi, nipinde mwenyewe na kutarizi mwenyewe, asikiguse mtu. Akakubali. Nilitembea kurudi nyumbani, na nasema nilitembea kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtaa kuniona natembea.

Uani paliwaka moto. Bibi alipiga makofi, akaita jirani aje asikie. "Kwa hiyo mzungu huyo kazaliwa na kulelewa na mkono mmoja? Hana mama huyo? Hana shangazi?" Akaapa nisirudi tena kwenye chama cha watu wasiosaidiana. Mimi nililia kwa sauti, nikatupa kanga, nikapiga teke kibao cha mbuzi, nikaumia kidole, nikazidi kulia.

Mama alifuta mikono yake, akakata kipande cha bafta iliyobaki, akanishika bega akaniingiza chumbani kwake na kufunga mlango.

"Shona," akasema.

Alasiri zote za juma lile nilishonea mle chumbani, penye harufu ya udi na dirisha dogo lenye pazia, mama akiwa mbele yangu kitandani. Mwanzo sikujua kwa nini amekaa vile, ameinama mbele kidogo kama mgonjwa wa tumbo. Halafu nikaona. Alikuwa ameikalia mikono yake. Nikikosea, mabega yake yalishtuka. Uzi ukijifunga alivuta pumzi kwa meno. Mara moja mkono mmoja ulimponyoka ukaja mpaka karibu na kitambaa, akauangalia kama unavyomwangalia paka aliyesogelea samaki, akaurudisha chini yake. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi, aliuliza maswali. Mle uani sikuwahi kumsikia akiuliza mambo kiasi kile. Mnasimama wangapi mstari mmoja? Firimbi ikilia mara mbili mnafanyaje? Mkigeuka, mnageukia mguu gani? Nilijibu kwa kunung'unika, macho kwenye sindano, maana kila neno lilinipotezea mshono. Siku moja akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Hebu nionyeshe."

Nikainuka kwa furaha, nikampanga katikati ya chumba, kati ya kitanda na sanduku. Nikamwambia mikono ubavuni, kifua mbele, anza kushoto. Akaanza na mguu wa kulia.

"Kushoto, mama!"

"Mwanangu, safari ya heri huanza kwa mguu wa kulia. Nyumba huingiwa kwa mguu wa kulia."

"Hii si nyumba, ni gwaride!"

Tukajaribu tena, akaanza tena na mguu wa kulia. Kila mara kulia. Akawa anapiga hatua pale pale, gauni amelishika kidogo, miguu ikipanda na kushuka juu ya sakafu bila sauti, na uso wake, wenzangu, sikuwa nimewahi kuuona ukiwa vile. Ulikuwa uso wa mtu anayekimbia. Tuliposikia Bibi anakohoa ukumbini mama alikaa kitandani kwa haraka, akaikalia mikono yake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Haya, shona, usicheze."

Kitambaa changu kilikuwa kibaya. Kingo zilikwenda upogo na lile ua lilifanana na kaa. Lakini Bibi Firimbi alikigeuza nyuma, akakitazama, akaniuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Wewe?" Nikasema, "Mimi." Akapiga firimbi fupi, ya furaha, darasa likacheka. Nilishonewa beji ya tatu.

Siku ya gwaride mji ulijaa Mnazi Mmoja. Baba alikuja na kofia yake kuukuu, maana ile mpya aliwekewa ya Idi. Bibi alibaki nyumbani kwa hasira. Mama, nilipoondoka asubuhi, alisema anakwenda Mtaa wa Kongo kumtazama mgonjwa. Mwanamke wa heshima kama yeye hakuwa na njia nyingine ya kuuona mtaa mchana ila ugonjwa wa mtu, msiba, au harusi. Nilisikitika kidogo, kisha nikasahau, kwa kuwa nilikuwa na mshipi mweupe kiunoni.

Bendi ikaanza. Tukaondoka, mimi mstari wa mbele, kushoto, kulia, tukipita ukingoni mwa barabara walikosimama wanawake wamejifunika buibui, weusi mtupu, hakuna cha kumtofautisha huyu na yule. Tukaamriwa kusimama pale na kupiga hatua papo hapo kungoja askari wapite. Macho yangu, ambayo nayo hayajui kutulia, yakashuka.

Kati ya miguu yote ile iliyotulia vumbini, palikuwa na makubadhi mawili yanayopanda na kushuka. Yalipanda kidogo tu, kiasi cha kuinua pindo la buibui. Na hayakwenda nasi. Sisi tulipokuwa kushoto, yenyewe yalikuwa kulia.

Nilinyanyua macho. Uso haukuonekana, ila ninajua kuwa ulikuwa ukinitazama. Kisha askari wakapita, tukaamriwa kwenda, na mke wa Gavana akanipa mkono wake uliovikwa glavu, na hata sikumbuki alisema nini.

Nilifika nyumbani nikipiga kelele tangu barazani. "Mama! Mama, nimekuona!"

Bibi alikuwa mkekani. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, mtulivu kama siku zote.

"Umeniona wapi? Mimi nilikwenda kwa mgonjwa."

"Pale, ulikuwa una—"

Akanyoosha mguu, akanikanyaga. Si kwa nguvu, lakini alinikanyaga. Bibi akauliza mgonjwa anaendeleaje. Mama akasema amepona.

Mfungo ulikwisha, nikawekwa ndani. Gauni la buluu lilirudishwa shuleni, mama akafumua zile beji kwa uangalifu na kuniwekea ndani ya kopo la hina. Nilikasirika naye. Nilidhani angenitetea, kwa yale niliyoyaona. Nilidhani mtu mwenye kupiga hatua vile barabarani anaweza kumwambia Bibi hapana. Hakusema. Aliingia chumbani nilimofungiwa, akakaa nami, na mikono yake safari hii ilikuwa huru, akinisuka nywele taratibu, kila alasiri, hata nywele zilipokuwa hazihitaji kusukwa. Nikihangaika aliniambia, "Najua, mwanangu. Najua." Nami niliona hajui kitu.

Baba aliivaa kofia yangu mpaka alipofariki. Sasa ninayo mimi, nyumbani kwangu Magomeni. Nikiigeuza ndani nje namkuta Bibi aliyekaza uzi, na najikuta mimi, vitundu vichache vilivyopinda. Vilivyobaki vyote ni vya mama. Zamani nilidhani alikuwa akinisaidia. Siku hizi naamini kwamba kila nilipotoka mbio kwenda kumtazama papa, yeye aliyebaki mkekani alikuwa akiitaka beji ile, na hakuwa na mahali pengine pa kuitaka ila pale.

Jambo hilo sikulijua kwa kufikiri. Lilinijia lenyewe nikiwa mke wa mtu, Gerezani, nyumba ya mume, buibui langu likining'inia nyuma ya mlango. Alasiri moja nilikuwa nimekaa na mama mkwe tukichambua mchicha, nikiwa mtulivu, maana nilikuwa nimeshajifunza utulivu na watu walinisifu kwa huo. Bendi ya watoto wa shule ikapita nje. Sikuinuka. Sikugeuza hata shingo. Niliendelea kuchambua majani, mpaka mama mkwe alipoacha kazi yake akanitazama.

"Mwanangu, una nini miguuni?"

Nikaangalia chini ya upindo wa kanga. Mimi niliyefungwa mshipi mweupe mbele ya mji mzima nilikuwa nikipiga gwaride nimekaa, na nilikuwa nimeanza kwa mguu wa kulia.